Denver ilimkosaje Tony Romo mwaka 2003, ilhali dau lake lilikuwa kubwa kuliko la Dallas?

Farasi wa Aurora (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Uzi huu wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, nimeukusudia hasa kwa mashabiki wa Denver Broncos, ila hata wale wa Dallas Cowboys wanakaribishwa, maadamu waje na hoja na waache kejeli mlangoni. Jambo lenyewe ni la zamani, lakini kila msimu wa drafti (zoezi la timu kuchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni) ukikaribia hufufuka hapa Colorado: ilikuwaje mwaka 2003 tukamkosa Tony Romo, mchezaji ambaye hakuna timu hata moja iliyomchagua, wakati kocha wetu alisoma chuo kilekile alichosoma yeye, na fedha tulizomwahidi zilizidi za wale walioondoka naye?

Kwa wasioifahamu habari hii, Romo alikulia Burlington, Wisconsin, akacheza nafasi ya kwotabeki, yule anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi, katika chuo cha Eastern Illinois, kilichopo mji mdogo wa Charleston. Chuo hicho hakimo katika daraja la juu la mpira wa vyuo vya Marekani. Kwa hiyo, ingawa mwaka 2002 alitwaa Tuzo ya Walter Payton, ambayo hupewa mshambuliaji bora wa daraja lile la pili, timu nyingi zilimwona kijana wa kujaribiwa tu. Drafti ya Aprili 2003 ilikuwa na raundi 7 na wachezaji 262 walichaguliwa. Kati yao makwotabeki walikuwa 13, kuanzia Carson Palmer aliyekwenda Cincinnati akiwa wa kwanza kabisa, hadi Ken Dorsey aliyechukuliwa na San Francisco katika raundi ya mwisho. Romo hakuwamo.

Sasa tumtazame kocha wetu wa wakati ule, Mike Shanahan. Yeye mwenyewe alikuwa kwotabeki wa Eastern Illinois, mpaka siku alipogongwa vibaya, figo yake moja ikapasuka, na safari yake ya uchezaji ikakomea hapo. Mtu huyo hakuhitaji skauti wa kumweleza Charleston iko wapi wala mpira unachezwaje kule. Alimtaka Romo, akamwekea dau nono kuliko Dallas, na bado kijana akasaini Dallas.

Wengi husema tulishindwa kwenye simu baada ya drafti kumalizika. Mimi nasema tulishindwa kabla ya hapo. Tulikuwa na nafasi kadhaa za kuchagua katika raundi za mwisho, na hatukutumia hata moja kumchukua kwotabeki. Mwaka uliofuata, 2004, katika raundi ya 7, timu ileile ikachagua makwotabeki wawili, Matt Mauck na Bradlee Van Pelt. Kama nafasi ya raundi ya 7 ilikuwa ya kuchezewa kamari mara mbili mwaka 2004, kwa nini haikuchezwa hata mara moja mwaka 2003 kwa kijana ambaye kocha alikuwa anamfahamu? Ukimtaka mtu kiasi cha kupandisha dau, humwachi awe huru kusikiliza madau ya wengine.

---

Mwana wa Irving

Kaka Farasi, nimekuja bila kejeli kama ulivyoagiza, ingawa nimejizuia kwa shida.

Umemtaja Shanahan na chuo chake, lakini umemwacha mtu wa tatu wa Eastern Illinois katika hadithi hii, naye ndiye aliyeamua mchezo. Sean Payton, aliyekuwa kocha wa makwotabeki wa Dallas mwaka ule, naye aliwahi kuwa kwotabeki wa chuo hichohicho. (Hana undugu na Walter Payton wa ile tuzo, nalisema hili mapema kwa sababu kila mara kuna mtu huliuliza.) Kwa hiyo ile turufu ya Shanahan haikuwa turufu tena. Pande zote mbili walikuwapo watu waliovaa jezi moja na kijana, na tofauti ikawa kwamba Shanahan alikuwa kocha mkuu mwenye mambo mia ya kushughulikia, wakati Payton ndiye ambaye angekaa na Romo chumba kimoja kila asubuhi, wakitazama mikanda ya mechi pamoja.

Halafu itazame hali ya timu zenyewe. Denver ilikuwa imemsajili Jake Plummer mwezi mmoja tu kabla ya drafti, akiwa kwotabeki wa kuanza asiye na mjadala. Dallas ilikuwa na Quincy Carter na Chad Hutchinson, vijana wawili ambao hakuna aliyekuwa na uhakika nao, na ilikuwa imemleta Bill Parcells akiwa kocha mkuu mpya asiye na deni la fadhila kwa yeyote kati yao. Wewe ungekuwa na umri wa miaka 23 na nafasi moja tu ya kuingia katika ligi hii, ungefuata nyongeza ya dola elfu chache, au ungefuata mlango uliokuwa wazi?

---

Mgeni wa Mchezo

Wakuu, naomba kuuliza, kwa sababu mimi niko Dar es Salaam na mchezo huu nimeanza kuufuatilia hivi karibuni kupitia kwa shemeji yangu aliyeko huko. Huku kwetu Simba na Yanga zikimgombea mchezaji aliye huru, kwa kawaida mwenye fungu nono ndiye hucheka mwisho, na anayeshindwa hujitetea kwa waandishi kwamba hakumtaka. Denver ilikuwa na fedha. Kwa nini haikuongeza dau mpaka Romo akashindwa kukataa? Na tena, huyu mchezaji ambaye hajachaguliwa anapata faida gani kwa kuwa huru?

---

Mzee Kipenga

Mwanangu Mgeni, swali lako ni zuri, na wenyeji wengi wa uzi huu huliruka kwa kudhani kila mtu anajua.

Drafti ikimalizika, kila mchezaji ambaye hakuchaguliwa anakuwa huru kusaini popote, na simu huanza kulia palepale, mara nyingi huanza hata kabla ya raundi ya 7 kuisha, kocha akimwambia wakala, "Tusipomchagua, tunamtaka." Kinachogombewa ni kitu kidogo mno. Mkataba wa mchezaji asiyechaguliwa ni wa miaka 3, mshahara wake wa msingi ni ule wa kima cha chini wa ligi, na kinachotofautiana kati ya timu moja na nyingine ni fedha ya kusaini, ambayo wakati wa Romo ilikuwa maelfu machache ya dola. Tangu makubaliano ya mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, kuna kikomo cha jumla ya fedha za kusaini ambazo timu inaruhusiwa kuwagawia wachezaji wa aina hii. Timu zinazotaka kukizunguka kikomo hicho huahidi kwamba sehemu ya mshahara italipwa hata mchezaji akitemwa.

Sasa weka mshahara huo pembeni, utazame hesabu ya kambi. Siku hizi timu huingia kambini na wachezaji hadi 90, ikabaki na 53 kabla msimu haujaanza, na wengine 16 huwekwa katika kikosi cha mazoezi. Mchezaji asiyechaguliwa ndiye wa kwanza kutazamwa panga likianza kupita, kwa sababu timu haikupoteza chaguo lolote kumpata, na hivyo hakuna mkubwa ofisini atakayeona haya kumtema. Wakala mwenye akili hafungui kwanza ukurasa wa fedha. Hufungua orodha ya wachezaji wa nafasi ile katika kila timu, akahesabu wangapi wako mbele ya mteja wake, wangapi wamezeeka, na kocha gani ni mpya. Ndiyo maana utawasikia mawakala wakisema ni heri mteja wao asichaguliwe kabisa kuliko kuchaguliwa wa mwisho mwisho na timu isiyo na nafasi. Aliyechaguliwa raundi ya 7 hana hiari, asiyechaguliwa anayo.

Kwa hiyo kuongeza dau kulikuwa na mwisho wake. Elfu kumi ukizifanya elfu ishirini, bado ni fedha ndogo mbele ya mshahara wa mwaka mmoja tu wa yule anayefaulu kubaki katika kikosi.

---

Farasi wa Aurora

Mzee wangu Kipenga, nakushukuru kwa maelezo, lakini umenipa silaha badala ya kuninyang'anya. Ikiwa asiyechaguliwa ana hiari na aliyechaguliwa raundi ya 7 hana, na ikiwa Denver ilijua kwamba hiari hiyo ingemwona Plummer amekaa mlangoni, basi dawa ilikuwa moja tu, nayo ni kumnyima hiari hiyo. Wewe na ndugu yangu wa Irving mnaeleza vizuri kwa nini Romo alichagua Dallas. Hilo sina ugomvi nalo. Mimi nauliza kwa nini aliachiwa kuchagua.

Na kinachouma zaidi ni kwamba timu yetu si ngeni katika somo hili. Rod Smith, aliyetoka Missouri Southern, hakuchaguliwa mwaka 1994. Akapita New England, akatemwa, akaja kwetu akaanzia kikosi cha mazoezi. Mpira wake wa kwanza kuudaka katika ligi, mwaka 1995, ulikuwa tachidauni (kuufikisha mpira eneo la goli la mpinzani) ya yadi 43 kutoka kwa kwotabeki wetu John Elway, katika shambulio la mwisho la mechi dhidi ya Washington. Alistaafu akiwa na mipira 849 aliyodaka na yadi 11,389, mchezaji wa kwanza ambaye hakuchaguliwa kuvuka yadi 10,000 za kupokea. Baadaye tukampata Chris Harris mwaka 2011, C.J. Anderson mwaka 2013, na Phillip Lindsay mwaka 2018, kijana wa hapahapa Denver aliyekimbia yadi 1,037 katika msimu wake wa kwanza na kuitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. Timu inayojua thamani ya wachezaji hawa kiasi hicho haina kisingizio.

---

Dada wa Takwimu

Naomba kupingana na nyote wawili kwa heshima.

Kaka Farasi, umetaja majina manne ya furaha na moja la majuto. Hukutaja mamia waliosaini Denver baada ya drafti katika miaka hiyohiyo, wakakaa kambini wiki chache, wakarudi makwao bila kuvaa jezi ya mechi hata siku moja. Mwezi Aprili 2003 Romo alikuwa mmoja wao. Unapomhukumu Shanahan kwa kutotumia raundi ya 7, unamhukumu kwa kitu ambacho wewe unakijua leo na ambacho timu zote 32 hazikukijua siku ile. Dallas yenyewe, iliyokuwa na Payton ndani ya chumba, nayo haikumchagua! Ukisema Denver ilizembea, basi Dallas ilizembea vilevile, ikaokolewa na simu.

Hoja yangu ya pili ni nzito zaidi. Mnazungumza kana kwamba Romo wa mwaka 2007 alikuwepo tayari mwaka 2003, amekunjwa ndani ya begi, akisubiri timu ya kumfungua. Hakuwepo. Alikaa Dallas misimu mitatu kamili, 2003, 2004 na 2005, bila kurusha pasi hata moja katika mechi ya ligi. Katika muda huo alipitiwa na watu wengi: Carter akaachwa ghafla Agosti 2004, Vinny Testaverde akacheza mwaka ule akiwa na miaka zaidi ya 40, Drew Henson akaletwa kama mrithi, kisha Drew Bledsoe akasajiliwa mwaka 2005. Romo aliendelea kubaki kwa sababu Parcells alikuwa na subira naye, na kwa sababu kila aliyekuwa mbele yake aliondoka au alichoka.

Mpelekeni Denver sasa. Plummer anacheza vizuri, na mwaka 2005 timu inamaliza na ushindi 13 na kupoteza 3, kisha inafika fainali ya AFC, mojawapo ya nusu mbili za ligi, na kufungwa nyumbani na Pittsburgh 34 kwa 17. Mwaka 2004 wanaletwa wale wawili wa raundi ya 7. Mwaka 2006 anachaguliwa Jay Cutler, namba 11 ya drafti nzima. Ni lini hasa Romo angepata zamu? Mimi naona angetemwa mwaka 2004 au 2005, na leo uzi huu usingekuwepo.

---

Mwana wa Irving

Dada Takwimu amesema kweli tupu, naomba niongeze kidogo tu kuhusu ile siku zamu ilipofika, kwa maana niliitazama mubashara na bado naiona.

Ilikuwa Jumatatu usiku, tarehe 23 Oktoba 2006, dhidi ya New York Giants. Bledsoe alirusha pasi karibu na mstari wa goli kabla ya mapumziko, ikanaswa na wapinzani, na uwanja mzima ukaanza kuzomea. Kipindi cha pili Parcells akamwingiza Romo. Pasi yake ya kwanza ikanaswa. Nyingine mbili zikanaswa baadaye. Tukafungwa 36 kwa 22, na bado kila aliyekuwa anajua kutazama mpira aliondoka akisema kwotabeki wa Dallas amepatikana, kwa sababu alikuwa anatoka kwenye mikono ya mabeki kama samaki aliyepakwa mafuta na mpira ukawa unakwenda mbele. Wiki iliyofuata akaanza yeye, tukaifunga Carolina 35 kwa 14. Mpaka anastaafu, alikuwa na rekodi ya Dallas ya yadi 34,183 za pasi na tachidauni 248, akiwa amempita hata Troy Aikman.

Kwotabeki anayeruhusiwa kunaswa mara tatu usiku wa kwanza na bado akaanza wiki inayofuata ni kwotabeki ambaye kocha wake amemtazama mazoezini kwa miaka mitatu. Hicho ndicho Dallas ilichokuwa nacho, na hakinunuliwi kwa fedha ya kusaini.

---

Kipa wa Nyali

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa naomba kusema kwamba Denver inabebeshwa dhambi isiyo kubwa kiasi hicho. Kukosa mchezaji kwa sababu alichagua kwingine ni jambo moja. Kuwa naye mkononi ukamwachia ni jambo jingine, na hilo ndilo linalostahili uzi.

Green Bay ilikuwa na kwotabeki Kurt Warner kambini mwaka 1994. Hakuchaguliwa, akasaini nao, akakuta Brett Favre na wenzake wamejaa, akatemwa. Akaenda kupanga bidhaa kwenye rafu za duka la Hy-Vee kule Cedar Falls, Iowa, kwa dola 5.50 kwa saa, akapitia mpira wa Kimarekani wa ukumbini na Iowa Barnstormers, na mwaka 1999 akawa mchezaji bora wa ligi na bingwa wa Super Bowl, fainali kuu ya ligi, akiwa na St. Louis Rams. Hata hivyo Green Bay nawasamehe, kwa sababu mwenye Favre hahitaji mwingine.

Nisiowasamehe ni Tampa Bay. Mwaka 1990 walimwita John Randle kwa majaribio, kijana kutoka Texas A&I, ambaye kaka yake Ervin alikuwa anaichezea timu hiyohiyo. Wakamwona mdogo mno kwa nafasi ya ukuta wa ulinzi. Akaenda Minnesota, ambako inasimuliwa kwamba alijifunga mnyororo chini ya nguo ili mizani isome uzito waliokuwa wanautaka. Aliwaangusha makwotabeki mara 137 na nusu (nusu huhesabiwa wakiangusha wawili pamoja), akaingia katika Jumba la Mashujaa mwaka 2010. Na kumbukeni kwamba miaka ile Tampa na Minnesota zilikuwa kundi moja, zikikutana mara mbili kila msimu, kwa hiyo kuanzia 1990 hadi 2000 Tampa ililazimika kumkabili mara mbili kwa mwaka mtu waliyempima wakamkataa. Denver ilikutana na Romo akiwa anaanza mara ngapi? Mara mbili katika maisha yake yote.

---

Farasi wa Aurora

Na mara zote mbili tulimfunga, ndugu Kipa. Mwaka 2009 hapa Denver ilikuwa 17 kwa 10, akamaliza mechi akirusha upande wa beki wetu Champ Bailey bila mafanikio. Ya pili nimwachie mwenyeji wa Irving aisimulie, kama moyo unamruhusu.

---

Mwana wa Irving

Unanitafuta, kaka. Haya.

Tarehe 6 Oktoba 2013, Arlington. Romo alirusha yadi 506 na tachidauni tano, hakuna kwotabeki wa Dallas aliyewahi kufika hapo kabla yake, dhidi ya kwotabeki wenu Peyton Manning aliyekuwa katika msimu bora kuliko yote aliyocheza. Matokeo yakiwa 48 kwa 48 na dakika mbili zimebaki, Romo alikuwa na mpira. Akarusha katikati, Danny Trevathan wa Denver akajitupa na kuunasa karibu na goli letu, kisha Matt Prater akapiga mkwaju wa mwisho. 51 kwa 48. Mtu anarusha yadi 506, na kinachokumbukwa ni pasi moja.

Ndivyo alivyokuwa Romo, na hapa nasema kitu ambacho mashabiki wenzangu hawapendi kukisikia. Januari 2007 kule Seattle, tukiwa nyuma 21 kwa 20, yeye ndiye aliyekuwa anashika mpira ili upigwe mkwaju wa yadi 19 tu, mpira ukamponyoka vidoleni, akaukimbiza, akaangushwa yadi mbili kabla ya goli. Katika mechi za mtoano alishinda mbili na kupoteza nne. Kwa hiyo unapolia kwamba mlimkosa, ujue pia mlichokiepuka. Nyinyi mlimpata Manning mwaka 2012 na kombe la Super Bowl 50. Mngekuwa na Romo mwenye mkataba mkubwa, msingemtafuta Manning hata kidogo.

---

Dada wa Takwimu

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo hoja bora ya uzi huu mpaka sasa, na imetoka kwa mtu wa Dallas. Naiongezea kitu ambacho nashangaa hakuna aliyekigusa: Denver ilimkosa Romo mara mbili. Mwanzoni mwa mwaka 2017, Dallas ilipokuwa imekwisha kumkabidhi Dak Prescott timu, timu mbili zilizotajwa kila siku kuwa zinaweza kumchukua Romo zilikuwa Houston na Denver. Manning alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla, na kilichokuwapo Denver kilikuwa Trevor Siemian, aliyechaguliwa raundi ya 7 mwaka 2015, na Paxton Lynch wa raundi ya kwanza 2016. Safari hii njia ilikuwa nyeupe. Mwezi Aprili Romo akachagua kuwa mchambuzi wa mechi katika televisheni ya CBS.

Kaka Farasi, mara hiyo raundi ya 7 isingekusaidia.

---

Farasi wa Aurora

Ya mwaka 2017 siihesabu, dada. Mgongo wake ulikuwa umevunjika zaidi ya mara moja, na familia yake ilikuwa na haki ya kumtaka nyumbani. Mimi nauliza kuhusu kijana wa miaka 23.

Hata hivyo nakiri kwamba kuna kejeli moja ambayo hakuna mtunzi angethubutu kuiandika. Yule Sean Payton aliyetupokonya Romo kwa simu mwaka 2003 ndiye kocha mkuu wa Denver tangu mwaka 2023. Na tabia yake haikubadilika. Akiwa New Orleans alimleta Pierre Thomas mwaka 2007 bila kuchaguliwa, na katika Super Bowl ya Februari 2010 Thomas ndiye aliyemalizia kwa tachidauni ule mpira waliounyakua kwa teke la kushtukiza mwanzoni mwa kipindi cha pili. Hapa kwetu mwaka wake wa kwanza akamsajili Jaleel McLaughlin kutoka Youngstown State, naye hakuchaguliwa, mtu mfupi ambaye timu nyingine zilimwona hafai, na akaingia kikosini moja kwa moja. Kwa hiyo angalau simu sasa inapigwa kutoka upande wetu.

---

Mgeni wa Mchezo

Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi. Swali la mwisho kwa Mwana wa Irving: Dallas nayo haijawahi kumkosa mtu wa aina hii? Maana naona umekaa kwenye uzi huu kama mtu asiye na deni.

---

Mwana wa Irving

Mgeni, wewe si mgeni tena. Wes Welker, Texas Tech, 2004. Alichezea chuo cha jimbo letu wenyewe, hakuchaguliwa, San Diego wakamsaini na kumtema baada ya mechi moja tu. Alikuwa huru mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili hatukumpata. Miami wakamchukua, kisha New England wakamfanya mpokeaji wa mipira zaidi ya 100 kwa msimu, misimu mitano. Na siku ile ya 51 kwa 48 alikuwa uwanjani Arlington, amevaa jezi ya Denver.

---

Farasi wa Aurora

Huyo mfungulie uzi wake, kaka. Nitakuja, na nitaacha kejeli mlangoni kama ulivyofanya wewe.